Kabla Ndege Haijashuka Jeddah

Ukishalipa pesa za Umra au Hija, swali la kwanza la kumuuliza kiongozi wa msafara wako lisiwe hoteli iko mita ngapi kutoka Msikitini. Liwe hili: tunaanzia Makka au tunaanzia Madina? Jibu lake ndilo litakaloamua utahirimia wapi, utapanda ndege umevaa nini, kipi kikae kwenye begi la mkononi na kipi kiende kwenye sanduku. Watu hujifunza tawafu kwa miezi, wakahifadhi dua za kila mzunguko, halafu mahali penyewe pa kuingilia ibada wanapapita wamelala, juu ya Bahari ya Shamu, na anayewaamsha ni mhudumu anayewataka wafunge mikanda.

Mikati ni mipaka iliyowekwa kuuzunguka mji wa Makka kwa mbali. Mwenye nia ya Hija au Umra haivuki bila ya kuhirimia, yaani kutia nia ya kuingia katika ibada. Mtume (s.a.w.) aliwataja watu na mipaka yao. Watu wa Madina wana Dhul-Hulaifa, ambayo leo kila mtu anaiita Abyar Ali, kama kilomita kumi tu kutoka Msikiti wa Mtume na zaidi ya kilomita 400 kutoka Makka; hakuna mikati iliyo mbali na Makka kuliko hiyo. Watu wa Sham, Misri na Maghribi wana Juhfa, mji uliohamwa zamani, ndiyo maana wasafiri wengi walizoea kuhirimia Rabigh, jirani yake. Watu wa Najd wana Qarnul-Manazil, ambayo leo inajulikana kwa jina la Assayl al-Kabir, upande wa Taif. Watu wa Yemen wana Yalamlam, kusini.

Ya tano, Dhatu Irq, ni ya watu wa Iraq, na habari yake inatufaa sana sisi tunaosafiri kwa ndege. Katika riwaya iliyomo kwenye Sahihi ya Bukhari, miji ya Basra na Kufa ilipokuwa imefunguliwa, watu wake walimwendea Sayyidna Umar (r.a.) wakamweleza kuwa Qarn iko kando ya njia yao na kuifuata ni tabu. Akawaambia watazame mahali palipo sambamba nayo kwenye njia wanayopita, akawawekea Dhatu Irq. Kwa hiyo hulazimiki kuzunguka ukakanyage ardhi ya mikati kwa miguu. Ukiwa sambamba nayo, kwenye njia yako mwenyewe, umeifikia. Rubani hatui Yalamlam wala Assayl, lakini ndege yake inapita mkabala wake, na abiria aliye ndani amefika.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukutajwa kwa jina, wala haikuhitajika. Mikati ni ya wenyewe na ni ya kila anayepitia hapo. Mtanzania anayeanzia Madina mikati yake ni ya watu wa Madina. Mkenya anayefanya kazi Riyadh, akienda Makka kwa barabara ya Taif, mikati yake ni ya watu wa Najd. Wazee wetu waliopanda meli Unguja na Mombasa, wakapitia Aden na Babul-Mandab, walikuwa kwenye njia ya watu wa Yemen, na Yalamlam ndiyo iliyokuwa yao. Usiulize kwenu ni wapi. Uliza unapitia wapi.

Tuseme msafara wako unaanzia Makka, yaani mnatua Jeddah. Kama ndege inatoka kusini moja kwa moja, au mmebadilisha Addis Ababa, mtaingia Bahari ya Shamu mkitokea upande wa Afrika, na mtakuwa mkabala wa Yalamlam ndege ikiwa tayari imeanza kushuka. Kama mmepitia Muscat, Dubai au Doha, mtakuja kutoka mashariki na mtaipita Qarnul-Manazil, nayo iko kama kilomita 75 hadi 80 tu kutoka Makka. Ndege iliyo juu inakwenda kilomita 13 au 14 kwa dakika moja. Piga hesabu mwenyewe: unaposikia tangazo kwamba mikati inakaribia, huna nafasi ya kusimama foleni ya choo na kubadilisha nguo, na mara nyingi taa ya mikanda imeshawaka. Mashirika mengi yanayobeba mahujaji hutangaza mapema, baadhi hata nusu saa kabla, lakini si yote, na tangazo linaweza kuwa kwa lugha usiyoielewa. Usiliachie tangazo ibada yako.

Hapa pana hitilafu ya wanavyuoni ambayo msafiri wa kutoka kwetu lazima ataisikia, basi aisikie akiwa nyumbani na si kwenye kiti cha ndege. Tangu zamani wako waliosema kuwa anayevuka bahari kutoka Sawakin, pwani ya Sudan, akaenda moja kwa moja hadi Jeddah, huhirimia Jeddah, kwa kuwa hakuwa mkabala wa Juhfa wala Yalamlam kabla ya kufika hapo. Baadhi ya wanavyuoni wa zama zetu wakalipanua hilo, wakawaruhusu wasafiri wa ndege kuhirimia Jeddah. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Amman mwaka 1986, iliamua kwamba mikati zilizothibiti katika Sunna ni wajibu kwa anayezipitia au kuwa sambamba nazo, awe nchi kavu, baharini au angani. Ushauri wangu ni kushika hadhari. Hirimia ndani ya ndege, kabla haijaanza kushuka. Atakayefanya hivyo hana anayemlaumu katika madhehebu yoyote. Na jirani yako aliyefuata fatwa ya sheikh wake akahirimia Jeddah, muache na sheikh wake. Mmekwenda kufanya ibada, hamkwenda kugombana kwenye foleni ya pasipoti.

Jambo linalowachanganya wengi ni kudhani kuwa zile shuka mbili nyeupe ndizo ihramu. Mtu akishazivaa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere anaanza kuogopa kujikuna. Ihramu ni nia ya kuingia katika ibada, na shuka ni vazi la mwenye kuingia. Kwa hiyo unaweza kuoga josho nyumbani, ukakata kucha, ukanyoa unachotaka kunyoa, ukajitia manukato mwilini, ukavaa shuka zako Dar es Salaam au Nairobi, na bado ukawa mtu wa kawaida kabisa mpaka utakapotia nia angani. Nia yenyewe ni ya moyoni, kisha unatamka: “Labbaika Umra”, kama unaanza na Umra, na hivyo ndivyo wanavyofanya mahujaji wengi wa kwetu wanaofanya tamattui, yaani Umra kwanza kisha Hija. Hapo ndipo makatazo yanapoanza, na hapo ndipo talbia inapoanza.

Je, utie nia mapema zaidi, tangu nyumbani? Kuhirimia kabla ya mikati kunasihi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba kungoja mikati ni bora zaidi. Mimi naongeza sababu ya kidunia: ndege huahirishwa. Aliyetia nia akiwa kwenye foleni ya kukaguliwa mizigo, kisha akaambiwa safari ni kesho jioni, amekwama ndani ya ihramu. Hawezi kurudi kwenye suruali na kofia yake, hawezi kugusa manukato, na hatoki mpaka amalize Umra. Njia ya katikati ndiyo inayofaa: vaa mapema, tia nia ndege ikishakuwa angani katika kipande cha mwisho cha safari. Kama unajijua una usingizi mzito, au unameza dawa zinazolaza, tia nia mara tu baada ya kuondoka Addis au Muscat, kisha lala kwa amani.

Mgonjwa, mtu mzima sana, na yule mwenye wasiwasi wa viza au karatasi zake, ajue kuwa anaweza kuweka sharti wakati wa nia, kwamba akizuiwa na jambo basi atatoka kwenye ihramu pale atakapozuiliwa. Dhubaa binti Zubair, binti ami yake Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa anataka kuhiji, naye akaelekezwa hivyo. Anayekusafirishia mama yako mwenye sukari na presha asisahau kumfundisha neno hilo.

Sasa mizigo. Shuka za ihramu zikae kwenye begi la mkononi. Naliandika hili kwa mkazo kwa sababu ndilo linaloumiza watu kila msimu: sanduku limeingia tumboni mwa ndege, shuka zimo ndani yake, na mwenyewe amekaa kwenye kiti na kanzu yake iliyotariziwa, anatoka jasho. Kama yamekufika, usiache kuhirimia ukasubiri sanduku Jeddah. Weupe wa shuka ni Sunna tu, si sharti. Kikoi, kile kile cha kwetu cha kujifunga baada ya kuoga, ni kitambaa kisichoshonwa, na kinafaa kabisa kuwa vazi la chini. Kanga ya mkeo aliyekaa pembeni yako inafaa kutupwa mabegani. Vua kofia, vua soksi, vua fulana, jifunge, tia nia. Na asiyepata kabisa kitambaa cha kujifunga, Sunna imemruhusu abaki na suruali mpaka apate. Atavua shati na kulitupia begani bila ya kuingiza mikono. Weka basi kikoi kimoja begini hata kama shuka unazo. Uzito wake si kitu, na aliye kiti cha nyuma anaweza kukihitaji kuliko wewe.

Kuvaa ndani ya choo cha ndege ni kazi ngumu. Sakafu ina maji, nafasi ni ya mtu kusimama tu, shuka zinaburura, na nje wanagonga mlango. Anayebadilisha ndege Ghuba atumie sehemu za kusalia uwanjani, kuna mahali pa kutawadhia. Anayepitia Addis, ambako kutoka hapo hadi Jeddah ni kama saa mbili, avae huko huko au atoke nyumbani amevaa. Vazi la chini lifunge kwa mkanda imara, na mkanda ukiwa na mshono hauna tatizo. La juu usilipige pini likawa kama shati.

Kuna mtego mdogo unaokuja na sinia la chakula: kile kitambaa cha majimaji kilichofungwa kwenye pakiti. Ukikifungua kinanukia limau au waridi. Ukishatia nia, hicho ni manukato, kiache. Hali kadhalika sabuni ya choo cha ndege na mafuta ya mikono. Beba sabuni isiyo na harufu, zinauzwa, na viongozi wazuri wa misafara huwagawia watu wao. Kama ulijisahau ukajifuta, osha upesi, wala usiharibu safari nzima kwa kujilaumu. Msahaulifu katika hilo hana fidia kwa Imam Shafi.

Nije kwa akina mama, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote linalotokea kwenye mikati huwapata wao, na huwapata kwa aibu ya kuuliza. Mwanamke anaingia katika siku zake siku ya safari. Anajua haruhusiwi kusali wala kutufu. Basi anajiamulia kimya kimya kwamba hahirimii mpaka atwaharike, anapita mikati bila ya nia, na anafika Makka akiwa ameshaacha wajibu. Mama yangu, dada yangu, hedhi haizuii kuhirimia. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, Asmaa binti Umais, mke wa Sayyidna Abubakar, alijifungua mtoto pale pale Dhul-Hulaifa. Damu ya uzazi ilikuwa mbichi. Alituma kuuliza afanye nini, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aoge, ajifunge kitambaa vizuri, kisha ahirimie. Hakuambiwa asubiri, wala hakuambiwa arudi nyumbani, ingawa Madina ilikuwa karibu.

Kwa hiyo oga, jisitiri kwa unachotumia siku zote, tia nia, leta talbia, fanya dhikri na dua. Ukifika Makka utabaki hotelini katika ihramu yako mpaka utwaharike, kisha utakwenda kutufu. Mweleze mapema kiongozi wa msafara, au mwambie mkewe kama kwake unaona haya, kwa sababu ratiba ya basi la kwenda Madina inaweza kuhitaji kupangwa upya kwa ajili yako. Kiongozi anayekasirika kwa hilo hajui kazi yake. Ama mavazi, mwanamke hana shuka maalumu. Buibui lako linatosha, la rangi yoyote. Unachovua ni nikabu na glavu, na wanaume wakipita karibu unaweza kuteremsha mtandio mbele ya uso.

Kama msafara unaanzia Madina, yote ya ndege niliyoyasema hayakuhusu. Safiri na nguo zako za kawaida, mzuru Mtume (s.a.w.), na siku ya kwenda Makka ndipo utakapohirimia Abyar Ali. Hata kama ndege inatua Jeddah, ukiwa unakwenda Madina kwanza na huna nia ya kuingia Makka kabla yake, huna ihramu ya kuivaa siku hiyo.

Abyar Ali ni mahali pazuri na pana nafasi: msikiti mkubwa wenye ua, vyumba vingi vya kuogea, na wauzaji wa shuka na mikanda. Lakini kwenye msimu hujaa mabasi yaliyofanana, na watu wote, ambao dakika ishirini zilizopita ulikuwa unawatambua kwa kofia na vilemba vyao, sasa wamevaa sawasawa. Wazee wetu wanapotea hapo. Kabla ya kushuka, piga picha ubavu wa basi na namba yake, mwandikie mzee namba ya simu ya kiongozi kwenye karatasi aifunge kwenye mkanda, na mkubaliane mlango wa kukutania. Tena mwogee hotelini na mvalie huko huko. Abyar Ali mkasali rakaa mbili, mkatia nia, mkarudi kwenye basi.

Wanaochukua treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018, wawe macho zaidi. Inakwenda hadi kilomita 300 kwa saa na haina kituo Dhul-Hulaifa. Ondoka hotelini umeshavaa, na utie nia mara treni inapoanza kuondoka. Ukitaka fadhila ya mahali penyewe, chukua teksi asubuhi uende Abyar Ali, utie nia, kisha urudi stesheni ukiwa katika ihramu.

Na walioanza kwa Umra Makka, wakaja Madina katikati, na sasa wanarudi Makka kungoja Hija, wasipite Dhul-Hulaifa na suruali zao kwa hoja kwamba Umra walishafanya. Wahirimie tena.

Wako ndugu zetu wengi, hasa dada zetu, wanaofanya kazi majumbani Saudi Arabia, ambao hawana kiongozi wa msafara wa kumuuliza. Wewe unayeishi Jeddah, mikati yako ni nyumba unayoishi: oga, tia nia, toka. Wewe wa Riyadh au Dammam unayepata likizo ukapanda basi, litasimama Assayl al-Kabir. Usibaki ndani kulinda mizigo mpaka muda ukaisha. Jambo gumu ni la anayesafiri na familia ya mwajiri kwenda Jeddah kupumzika, huku akisikia maneno ya Umra juu juu. Muulize mama mwenye nyumba kabla ya safari. Kama Umra imo katika mpango na unaikusudia, unaipita mikati ukiwa na nia, kwa hiyo hirimia njiani, au ukishapumzika Jeddah urudi mikati yako uhirimie huko. Kama hukuwa na nia kabisa, na wazo likaja mkiwa tayari Jeddah, hirimia hapo hapo ulipo, huna deni.

Na aliyepitiwa? Aliyekusudia, akalala au akasahau, akatua Jeddah na kanzu yake? Asivuke zaidi. Amwambie kiongozi pale pale uwanjani, kabla mabasi hayajaondoka, kwa sababu hapo njia bado zipo. Akiweza kurudi mikati yake, au nyingine yenye umbali kama wake, akahirimia huko kabla ya kuanza amali yoyote, hana fidia. Akishindwa kwa muda, pesa au ratiba, ahirimie alipo, aendelee na Umra yake, na iko sahihi, kisha achinje mbuzi au kondoo Haram, agawiwe maskini wa huko, yeye mwenyewe asile.

Lakini asikubali kuambiwa kwamba dawa yake ni kwenda Tan'im, kwenye Msikiti wa Bi Aisha, kilomita chache kutoka Al-Kaaba. Tan'im ni ya mtu ambaye ameshakuwa Makka na anataka Umra, hutoka nje ya mpaka wa Haram akahirimia, kama Bi Aisha (r.a.) alivyopelekwa na kaka yake Abdurrahman baada ya Hija. Kwa aliyeivuka mikati akiwa na nia, safari ya Tan'im haifuti kitu. Ataingia gharama ya teksi, na mbuzi bado anadaiwa.